Kijana Aendae Bara Hindi Kutafuta Shahada: Anatafuta Nini?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya elimu kuwa nuru ya mja wake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, baada ya darsa ya usiku wa kuamkia Ijumaa nilipewa barua na kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wa halaka yetu. Jina lake silitaji, kwani haja ni mas-ala yake wala si yeye. Kijana huyu ana shahada ya kwanza ya hisabati. Anasomesha katika skuli ya sekondari, lakini hakuajiriwa na Serikali. Hulipwa na halmashauri ya skuli, mwezi huu kwa wakati na mwezi ujao kwa kuchelewa. Sasa ana karatasi mbili mkononi, zote za Bara Hindi. Ya kwanza imetoka chuo kikuu cha Serikali, kimemkubali kusoma shahada ya pili ya hisabati. Ya pili imetoka chuo cha binafsi, kwa mkono wa dalali, naye kamwambia asome biashara, kwani biashara ndiyo ilipayo. Mama yake yuko tayari kuuza dhahabu yake. Ami yake asema safari ya nini, na duka liko, na mtu wa kulikalia hapana. Kijana auliza: Je, kwenda kwangu ni ibada au ni dunia? Na kama ni kwenda, niende kwa lipi?

Nimeona bora kumjibu mbele yenu, kwani najua nyumba nyingi za mji huu zina barua kama hii chini ya mto.

Kwanza nataka kuondoa jambo moja njiani. Watu wetu, akitokea mtoto wa kusafiri kwa masomo, husimama mtu katika shughuli ya kumuaga akasema kuwa Mtume (s.a.w.) ametuamuru tutafute elimu ijapokuwa China. Maneno hayo ni mashuhuri, lakini wajuzi wa hadithi wameyadhoofisha, na Ibn al-Jawzi ameyatia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Nasi hatuna haja nayo, kwani tunayo yaliyo sahihi na yenye uzito zaidi. Jabir bin Abdillahi (r.a.) alisikia kuwa kuna mtu Sham aliyeipokea hadithi moja kwa Mtume, ambayo yeye hakuisikia mwenyewe. Akanunua ngamia, akaenda mwendo wa mwezi mzima mpaka kwa Abdallah bin Unays, akaisikia kwake. Imam Bukhari amelitaja jambo hili katika mlango wa kutoka kwenda kutafuta elimu. Tazameni: mwezi wa jangwa kwa hadithi moja! Na Jabir hakuwa mjinga wa kutafuta jina; alikuwa sahaba mkubwa, ana darsa yake Madina, na watu wakimwendea yeye.

Basi safari ya elimu ni sunna ya wema waliotangulia. Lakini huyu Jabir alijua anakwenda kuchukua nini, na alijua yuko kwa nani. Kijana wetu ayajua haya mawili?

Tuje kwenye nia. Imo katika Sahih Muslim hadithi ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyesoma na akasomesha, kisha ataambiwa kuwa alisoma ili aitwe mwanachuoni, na ameshaitwa, basi ataburutwa. Mimi niliyevaa kilemba hadithi hii yanitisha kabla ya kumtisha mwenye shahada. Kwa hivyo nasema wazi: atakaye kwenda Bara Hindi ili arudi aitwe Daktari na apewe kiti cha mbele katika maulidi na maharusi, na akae dukani kwa ami yake, ujira wa bure hauna mizigo. Ama yule ambaye ataka kuwa mwalimu wa watu, na riziki yake itokane na ualimu huo, huyo nia yake ni safi, wala kutaka mshahara hakumharibii kitu. Mwalimu naye hula.

Wako watakaoniambia: Shekhe, hisabati ni elimu ya dunia, huipaje sifa ya ibada? Nawajibu kwa Imam Ghazali, ambaye hapana wa kumtuhumu kuwa aliipenda dunia. Katika Ihya, katika mlango wa elimu, ameitia hesabu pamoja na tiba katika faradhi za kutosheleza, kwani watu hawawezi kuuziana wala kugawana mirathi bila ya hesabu. Na mji ukikosa mtu wa elimu hizo, mji wote una dhambi. Kisha akawalaumu wasomi wa zama zake: mji hauna tabibu Muislamu, nao wote wamekimbilia fiqhi, na khasa mabishano ya fiqhi, kwa kuwa tiba haimfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu, na wasia, na mali za mayatima, na ukadhi. Maneno haya yana zaidi ya miaka mia tisa. Mtu akiyasoma leo atadhani yameandikwa kwa ajili ya mtaa wetu.

Hapa inanilazimu nikiri kosa. Miaka mingi iliyopita alinijia mwanafunzi mwenye akili kali ya hesabu, akiniuliza kama ninavyoulizwa leo. Nikamwambia aache, asome nahau na fiqhi, kwani hesabu za kununua na kuuza amekwisha zijua. Akanitii. Yeye leo si faqihi wala si mwana hesabu. Ni mtu mwema, amekaa. Kila nikutanapo naye hunibusu mkono, nami hujiona ninastahili kuuficha mkono huo. Sikuijua Ihya vizuri siku hizo, ijapokuwa nilikuwa nikiisomesha.

Basi sasa tuitazame hiyo Bara Hindi yenyewe, kwani kijana asiyejua historia ya mahali aendapo ni kama jahazi lisilojua majira ya kaskazi na kusi. Nchi hii si ngeni kwa elimu yetu. Tarakimu ambazo Waarabu wenyewe huziita za Kihindi zilitoka huko, na al-Khwarizmi akaziandikia kitabu. Na al-Biruni alijifunza lugha ya Sanskrit ili ayafahamu yaliyomo katika vitabu vyao, akaandika habari za nchi hiyo kwenye mwaka wa 1030 hivi, bila ya kuona haya ya kusoma kwa wasiokuwa Waislamu.

Baada ya Waingereza kuivunja dola ya Waislamu wa Delhi katika mwaka wa 1857, ndugu zetu wa huko waligawanyika juu ya elimu mgawanyiko ambao sisi wa pwani tunaujua kwa uchungu wake. Wako waliosema tuihifadhi dini kwanza, wakafungua Deoband mwaka wa 1866. Yuko Sayyid Ahmad Khan, aliyesema tukikosa elimu mpya tutakuwa watumishi katika nchi yetu wenyewe, akafungua madrasa yake Aligarh mwaka wa 1875, nayo ikawa chuo, kisha chuo kikuu mwaka wa 1920. Wako waliomtolea fatwa ya ukafiri. Mimi katika tafsiri yake ya Kurani yamo nisiyoyakubali kabisa, lakini chuo alichokijenga kimesimama, na waliomkufurisha wajukuu wao wamesoma humo. Kisha wakaja watu wa Nadwatul Ulama, mwaka wa 1894, wakataka kuyakutanisha hayo mawili. Miongoni mwao alikuwa Shibli Nomani, mwanachuoni wa njia ya kale, aliyekwenda kusomesha Aligarh miaka kumi na sita, akakaa na waalimu wa Kizungu, akachukua kwao namna ya kuichunguza historia, kisha akairudisha katika kuandika sira ya Mtume. Alikufa mwaka wa 1914 kabla ya kuimaliza, ikamalizwa na mwanafunzi wake Sayyid Sulaiman Nadwi. Huu ndio ualimu: kazi yako humalizwa na uliyemsomesha.

Na ataka mfano wa mtu aliyechagua njia ya chuo kikuu kwa ajili ya watu wake, na amtazame Zakir Husain. Alisoma Aligarh, akawa miongoni mwa waliotoka huko mwaka wa 1920 wakaunda Jamia Millia Islamia, chuo kisichotaka fedha za Waingereza, ambacho mwaka wa 1925 kilihamia Delhi. Yeye akaenda Ujerumani, akapata udaktari wa ilimu ya uchumi Berlin. Alipokuwa huko alipata habari kuwa Jamia haina fedha na inataka kufungwa. Mtu mwenye shahada ya Berlin siku zile angepata kazi popote. Yeye na wenzake wawili waliokuwa naye huko wakarudi, na mwaka wa 1926 akakishika chuo, umri wake miaka 29. Kisha wale waalimu wakaapa kuitumikia Jamia miaka 20 kwa mshahara usiozidi rupia 150 kwa mwezi, na mara nyingi hata hizo hazikupatikana. Alikaa mpaka mwaka wa 1948. Baadae akawa Rais wa India tangu 1967 mpaka kufa kwake 1969, lakini mimi sikumtaja kwa urais. Nimemtaja kwa ile miaka 22.

Msidhani kuwa kazi hiyo imekwisha. Mwaka wa 2006 kamati ya Jaji Sachar, iliyoundwa na Serikali ya India, ilitoa ripoti juu ya hali ya Waislamu wa nchi hiyo, na ikasema kuwa katika vyuo vilivyo bora, wa shahada ya kwanza Muislamu ni mmoja katika 25, na wa shahada za juu ni mmoja katika 50. Yaani kila ngazi ikipanda watu wetu wapungua. Na posho ya utafiti iliyopewa jina la Maulana Azad, iliyokuwa ikiwasaidia wanafunzi wa udaktari wa jamii zilizo chache, Serikali ilitangaza kuikomesha mwezi wa Disemba 2022. Nasi hapa Mombasa tujiulize. Chuo cha ufundi cha Waislamu kilichofunguliwa mwaka wa 1951 ndicho ambacho mwaka wa 2013 kimekuwa chuo kikuu cha ufundi. Na Kilifi kuna chuo kikuu kingine. Je, majina ya waalimu wa humo, watoto wetu ni wangapi? Mimi sitaji hesabu. Kila mmoja na aende akasome ubao wa majina mlangoni.

Sasa nije kwenye mambo ambayo huenda mtu akaona hayamhusu shekhe, nami naona yanamhusu, kwani kumwacha Muislamu aibiwe ni dhambi.

Bara Hindi shahada ya pili huchukua miaka miwili. Ya udaktari, kwa kanuni ya mwaka wa 2022 ya tume yao ya vyuo vikuu, haipungui miaka mitatu wala haizidi sita. Ile shahada ya katikati iitwayo M.Phil imefutwa na kanuni hiyo hiyo; basi dalali akikuuzia M.Phil leo amekuuzia maji ya bahari. Kadhalika udaktari wa kusoma kwa posta au kwa intaneti kanuni haikubali. Na tume hiyo hutoa orodha ya vyuo vya uwongo, vinavyojiita vyuo vikuu navyo havina haki ya kutoa shahada. Orodha hiyo kila mtu aweza kuisoma, na kuisoma ni bure.

Wenyeji wa huko wakitaka kuwa waalimu wa vyuo, mlango wao ni mtihani uitwao NET, ufanywao mara mbili kwa mwaka, na asiyepata 55 katika mia katika shahada ya pili hauingii, isipokuwa wale waliopunguziwa kwa sheria. Afauluye vizuri zaidi hupewa posho ya utafiti, nayo tangu mwaka wa 2023 ni rupia 37,000 kwa mwezi. Lakini hata mlango huo una mashaka yake: mwezi wa Juni 2024 watu walifanya mtihani siku moja, na siku ya pili Serikali ikaufuta wote kwa shaka ya udanganyifu, wakarudi kuufanya upya. Nayataja haya ili mwanangu asidhani kuwa mwanafunzi wa Kihindi atakayekaa naye darasani amelala kitandani. Yule amepita katika tundu ya sindano.

Ama wewe mgeni, viza ya masomo haikupi ruhusa ya kuajiriwa huko. Usiende kwa hesabu ya kuwa utasoma mchana na usiku utafute kibarua cha kulipia chumba. Fedha za miaka miwili zijulikane kabla ya kupanda ndege, au uwe na msaada. Baraza la India la uhusiano wa utamaduni, ambalo Maulana Azad aliliasisi mwaka wa 1950, hutoa nafasi za kulipiwa kwa wanafunzi wa Afrika, na watu wetu wengi hawaombi kwa sababu hawajui, au kwa sababu dalali hapati kitu katika nafasi hizo, kwa hivyo hawaambii.

Na atakae udaktari asichague chuo kabla ya kuchagua mwalimu. Kanuni imewawekea kiasi: profesa hasimamii zaidi ya wanafunzi wanane wa udaktari, na walio chini yake sita, na wa chini kabisa wanne, na juu ya hao kila mmoja aweza kuongeza wageni wawili. Nafasi mbili tu! Basi mwandikie mapema, soma aliyoyaandika, mwambie wataka kuchunguza nini. Wazee wetu hawakuwa wakisema nimesoma Hadhramaut. Wakisema nimesoma kwa fulani. Mwendo huo ndio mwendo wa vyuo vikuu hata leo, ila vijana hudanganywa na picha za majengo.

Juu ya kuchagua ilimu yenyewe nitaleta habari ya Abdul Kalam, kwani ni mtu wa pwani kama sisi. Alizaliwa Rameswaram mwaka wa 1931, baba yake ni imamu wa msikiti mwenye chombo cha kuvusha mahujaji wa Kihindu. Alisoma fizikia mpaka akapata shahada, na mwisho wa masomo ndipo alipotambua kuwa si fizikia aliyoitaka, bali uhandisi wa ndege. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza mwanzoni. Akakubaliwa katika chuo cha uhandisi Madras, fedha hazikuwapo, na dada yake Zohra akaweka rehani bangili na mkufu wake wa dhahabu. Naye akaazimia kuikomboa dhahabu ile kwa jasho lake mwenyewe. Akaja akawa bingwa wa makombora, na Rais tangu 2002 mpaka 2007. Na alipotoka katika urais alirudi kusomesha, akafa mwaka wa 2015 huko Shillong, amesimama mbele ya wanafunzi. Na udaktari wa kusomea hakuwa nao. Zote alizokuwa nazo alipewa kwa heshima.

Mama wa kijana wetu na aisikie habari hii, lakini aisikie vizuri. Zohra aliweka rehani, na nduguye alijua anachokwenda kukisoma. Dhahabu ya mama haiuzwi kwa ajili ya karatasi ya dalali. Tena deni la riba kwa ajili ya shahada silihalalishi, na anayesema ni dharura na anioneshe aliyekufa kwa kukosa shahada ya pili.

Na binti zetu je? Msichana wa kwanza katika skuli humaliza masomo, na wazee wake wakasema ya kwanza yatosha, ya pili atafanyia nini. Fathima Beevi wa Kerala, Muislamu mtoto wa Muislamu, baba yake ndiye aliyemsukuma kwenye sheria, naye mwaka wa 1989 akawa mwanamke wa kwanza kukaa katika Mahakama Kuu kabisa ya India. Mas-ala ya safari na mahram wanavyuoni wamehitilafiana, na mwenye binti na amuulize anayemuamini. Lakini msiifanye mahram kuwa kisingizio, kwani wako wanaozuia binti kusoma Mombasa mjini, penye kaka zake wanne.

Limebaki jambo la istikhara. Mtume (s.a.w.) akiwafunza sahaba zake istikhara kama awafunzavyo sura ya Kurani. Ni rakaa mbili na dua. Si ndoto, wala si kufungua msahafu na kutazama aya iliyotokea, wala si kwenda kwa mtu akupigie ramli huku akijiita shekhe. Na kabla yake kuna kushauriana. Ulizana na waliokwenda na waliorudi, si waliokwenda tu. Na khasa yule aliyerudi bila ya shahada, kwani huyo atakwambia ambayo mwenye joho hatakwambia.

Basi mwanangu, jibu langu kwako ni hili. Hisabati, si biashara; kwani ya kwanza umeipenda mwenyewe, na ya pili umependezewa na mtu anayelipwa kwa kupenda kwako. Karatasi ya dalali mrudishie. Hiki chuo cha Serikali kiandikie uombe wakungoje mwaka mmoja, na katika mwaka huo omba msaada wa baraza nililolitaja, na uulize hapa kwetu, kwa maandishi, kama shahada yao itathibitishwa utakaporudi. Wakikataa kungoja, omba upya. Ami yako nitakwenda kwake mimi, Inshaallah, baada ya sala ya Alasiri siku ya Jumatatu. Ni rafiki yangu tangu chuoni, na duka lake nalijua, halijapata kushinda watu wawili kwa siku. Mama yako mwambie aifunge dhahabu yake kwanza.

Na yeyote mwingine mwenye barua ya chuo cha nje, na ailete katika darsa kabla ya kulipa hata senti moja. Wako kati yetu waalimu wawili waliosoma Bara Hindi, watakaa nasi baada ya Isha kila Jumatano ya mwezi huu, waisome pamoja naye.

Wabillahi ttawfiq.